Wito wa harambee: paa la chumba ambamo watoto wetu hukokotoa njia ya kwenda mwezini

Wapendwa wazazi, wanafunzi wetu wa zamani, wafanyabiashara wa hapa Busia, masheikhe, wachungaji na jamaa mlio mbali,

Tunawaandikia tukiona haya, kwa sababu ni mwaka juzi tu tulipobisha hodi kwenu, nanyi mkatununulia kompyuta ambayo klabu ya anga ya shule yetu inaitumia hadi leo. Hatukutaka kurudi mapema hivi. Lakini dhoruba ya Machi iling'oa mabati ya chumba cha sayansi usiku mmoja, na yale yaliyosalia yametoboka kiasi kwamba mvua ikianza wanafunzi hukusanya madaftari na kujibanza kwenye ukuta mmoja ulio mkavu, huku kompyuta yenu ikifunikwa turubai.

Chumba hicho kina urefu wa mita saba, na urefu huo una faida yake. Mbele, kando ya ubao, tumetundika mpira wa miguu wenye kipenyo cha sentimita 22, ambao ndio dunia. Nyuma, karibu kabisa na ukuta, limening'inia limau kubwa la sentimita sita, ambalo ndilo mwezi. Kati yao pana mita sita na sentimita 64, kwa kuwa umbali halisi, wa wastani, ni kilomita 384,400. Setilaiti ya kwanza ya nchi yetu, PearlAfricaSat-1, iliyotengenezwa na vijana wa Uganda waliosomea Japani na kurushwa Novemba 2022, iliachiwa kutoka kituo cha anga cha kimataifa kwenye obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, ya kilomita 400 hivi juu. Kwa kipimo chetu hizo ni milimita saba juu ya ngozi ya mpira. Tunajivunia milimita hizo saba, na watoto wetu wanataka kuielewa njia nzima iliyobaki hadi kwenye limau.

Njia hiyo haiendi moja kwa moja kama jiwe linalorushiwa embe. Mwezi hausubiri: unakwenda takriban kilomita moja kila sekunde, hivyo katika siku tatu za safari unakuwa umesogea zaidi ya kilomita 260,000, na chombo cha anga sharti kielekezwe pale utakapokuwa. Kikishasukumwa kutoka obiti ya dunia, injini huzimwa, na karibu safari yote iliyobaki chombo huteleza tu, kikipungua kasi kwa sababu dunia inakivuta nyuma, hadi mvuto wa mwezi unapokipokea. Wanafunzi wetu hukokotoa hatua kwa hatua: saa hii kipo hapa, dunia inakivuta kiasi hiki, mwezi kiasi hiki, basi saa ijayo kitakuwa pale. Mtu akikosea hesabu moja jioni, kosa hilo husafiri naye mpaka mwisho.

Mwaka 1772 mwanahisabati Lagrange alionyesha kwamba gimba moja linapozunguka jingine, kama mwezi na dunia, kuna sehemu ambazo mivuto ya yote mawili na mwendo wa kuzunguka husawazishana. Moja ya sehemu hizo iko kilomita 58,000 hivi upande wetu wa mwezi, yaani mita moja kabla ya limau. Ndipo hasa paa linapovuja zaidi, na ndipo tulipoweka ndoo.

Kilichotuumiza zaidi ni karatasi ya manila. Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wamechora kwa wino, kwa majuma mawili, njia ya Apollo 13, chombo cha Marekani kilichokuwa kikienda mwezini, ambacho tangi lake la oksijeni lililipuka Aprili 1970, siku mbili baada ya kurushwa, chombo kikiwa karibu na mwezi kuliko dunia. Waongozaji hawakukigeuza njiani. Waliwasha injini ya chombo cha kutua mwezini kwa muda mfupi ili kiingie kwenye njia ambayo mwezi wenyewe ungekizungusha na kukirudisha nyumbani, na tarehe 17 wanaanga watatu wakashuka baharini salama. Maji ya mvua yalifuta nusu ya kurudi. Mchoro unaishia nyuma ya mwezi.

Wapo wanaotuuliza, kwa nia njema, kwa nini watoto wa mpakani washughulike na mambo haya. Jibu letu ni chombo cha Japani kiitwacho Hiten. Hakikuwa na fueli ya kutosha kuingia obiti ya mwezi kwa njia ya kawaida, lakini wataalamu Edward Belbruno na James Miller walikikokotolea njia ndefu iliyotumia mivuto ya dunia, jua na mwezi, nacho kikafika Oktoba 1991. Pungufu la fueli lilifidiwa na hesabu. Kwa shule ya hali yetu, hakuna somo lililo karibu zaidi nasi.

Tunahitaji shilingi 3,700,000: mabati 30 ni 1,650,000, mbao na misumari 980,000, fundi na usafirishaji 620,000, na matengenezo ya kompyuta pamoja na vifaa vya kuchorea 450,000. Wazazi wameshatoa 1,150,000, wengine kwa kuuza kuku. Zimebaki 2,550,000, kiasi ambacho kikao kimoja cha harusi mjini petu hukipita kabla ya chai kuletwa. Tunalisema hilo kwa heshima. Wanaosubiri mwandamo wa Ramadhani na wanaoipata Pasaka kwa mwezi mpevu wote wanautazama mwezi uleule, ambao Mwenyezi Mungu aliuwekea mwendo unaohesabika. Tusiwaache watoto wanaojifunza hesabu hiyo wakinyeshewa.

Michango ipelekwe kwa mweka hazina katika ofisi ya shule, ambako kila mmoja atapewa risiti, na hesabu yote itabandikwa langoni. Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, katika chumba hichohicho. Watakaotangulia kufika watakuta mpira na limau mahali pake na mwanafunzi wa kuwaeleza. Mvua ikinyesha, tutahamia chini ya mwembe.