Malalamiko: Bobi kukatwa kucha hadi nyama, na funza mlioita tabia

Moshi,
21 Agosti 2025

Kwa Meneja,

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 2 Agosti nilimwacha mbwa wangu Bobi kwenye mabanda yenu, nikasafiri kwenda Mbeya kumuuguza mama. Nilimchukua tarehe 16. Nililipa Sh 280,000 za siku 14 na Sh 15,000 za kukatwa kucha. Nakala za risiti nimeambatanisha. Bobi aliingia kwenu akitembea vizuri. Alitoka anachechemea, na kila tukisimama anajikunja kutafuna miguu ya mbele.

Nilimuuliza msimamizi wenu ana nini. Akajibu, "Hiyo ni tabia tu, alikuwa amekukosa. Tumempaka maji ya pilipili asijilambe." Akaongeza kwamba mbwa wa kienyeji ni wagumu, ataacha mwenyewe. Jibu hilo, kuliko hata majeraha, ndilo lililonifanya niandike.

Nianze na kucha. Za Bobi ni nyeusi. Ndani ya ukucha wa mbwa kuna nyama yenye mshipa wa damu na neva, na ukucha ukiwa mweusi nyama hiyo haionekani kwa nje. Ndiyo maana mwenye kuijua kazi hupunguza kidogo kidogo huku akitazama ncha, na akiona kitone kimeanza kujitokeza katikati, anaishia hapo. Bobi alikatwa kwa mkupuo. Kucha tano zilikuwa na damu iliyoganda na mmoja ulipasuka hadi kwenye shina. Ukucha wa kile kidole cha juu kisichogusa ardhi, ambao hausagiki kwa kutembea na ndio niliowaomba hasa muuangalie, haukuguswa. Umejipinda na ncha yake inachoma ngozi.

Kukosea ukucha kunatokea, hata kwa daktari, mbwa akishtuka. Damu inafungwa kwa unga wake maalumu, mwenye mbwa anaambiwa, basi. Mimi sikuambiwa neno.

Jumatatu tarehe 18 nilimpeleka kwa daktari wa mifugo. Alimpanua vidole, akamulika tochi, na hata dakika haikuisha akasema: funza. Walikuwa 11, weupe wenye kitone cheusi katikati, wengine wamevimba kama punje ya njegere. Aliwatoa mmoja mmoja kwa sindano safi, mimi nikiwa nimemshika Bobi kichwa. Nimeishi naye miaka sita na sijawahi kumsikia akilia vile.

Daktari alinieleza kwamba funza jike akishajichimbia kwenye ngozi hufikia ukubwa ule kwa wiki moja hadi mbili, huku akiangusha mayai kwenye udongo, kisha hufa humo humo. Hesabu hiyo inaangukia siku alizokuwa kwenu, katika lile banda la nyuma lenye vumbi kavu. Nyumbani kwangu sakafu ni saruji, na mbwa wangu wa pili hana hata mmoja. Tena manyoya ya miguu ya Bobi, ambayo ni meupe, yalikuwa yamegeuka rangi ya kutu. Rangi hiyo ni ya mate, na haiji kwa siku moja. Alijitafuna siku nyingi mbele ya macho ya watu wenu, wakampaka pilipili juu ya vidonda.

Mbwa anayetafuna miguu anaweza kuwa na viroboto, kupe kati ya vidole, fangasi, mzio au mwiba. Ndiyo, wakati mwingine ni upweke. Lakini upweke hufikiriwa vidole vikishapanuliwa na kutazamwa, na kwa Bobi hakuna aliyefanya hivyo. Kuhusu ukienyeji wake, sindano ile ilimuuma kama ambavyo ingemuuma mbwa yeyote.

Naomba mnirudishie Sh 15,000 za kucha na mnilipe Sh 85,000 nilizotumia kwa daktari. Naomba pia banda la nyuma lisitumike mpaka lipigwe dawa na kusakafiwa, na wote walioacha mbwa wao humo mwezi huu wapigiwe simu. Pilipili ikome kabisa. Na kijana anayelisha mbwa apewe viatu vya kufunika mguu: nilimkuta na ndala kwenye vumbi lile lile, na funza humwingia mtu kama anavyomwingia mbwa. Yeye simlaumu kwa lolote.

Nisipopata jibu la maandishi ifikapo 4 Septemba, nitalipeleka suala hili kwa afisa mifugo wa manispaa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamhusu pia anayelipwa kutunza mnyama wa mwenzake.

Jambo moja halisubiri tarehe hiyo. Banda lililopakana na la Bobi lilikuwa na mbwa mweusi, mdogo, sikio moja limekatika. Siku ninamchukua Bobi, mbwa huyo naye alikuwa amelala akitafuna mguu. Tafadhali mtazameni vidole leo.

Wenu,
Mwenye Bobi