Barua ya wazi kwa Waziri wa Utamaduni: fungueni stoo za makumbusho

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu kamba ya kisima.

Imetundikwa ukutani katika makumbusho madogo ninayoyatembelea mara kwa mara. Kibao chake kina maneno matatu tu: "Kamba ya kisima." Siku moja mama mmoja mtu mzima alisimama mbele yake, akaipima kwa macho toka juu hadi chini, akasema: "Hii leo haifiki maji." Tuliokuwa karibu tukageuka. Mmoja akasema pampu ndizo zilizomaliza maji. Mwingine akakataa, akasema mvua ndizo zimeharibika. Wakabishana karibu saa nzima, kila mtu akitaja miaka anayoikumbuka. Hakuna aliyeandika hata neno.

Chumba cha pili kulikuwa na bango kubwa la mabadiliko ya tabianchi, lenye grafu na picha ya dubu kwenye barafu. Watu walilipita bila kusimama, nami siwalaumu.

Mheshimiwa, ubishi ule ndio maonyesho tunayoyahitaji. Kumbukumbu za watu wa kawaida zina uzito. Kule Japani, makuhani wa Ziwa Suwa walianza mwaka 1443 kuandika siku ambayo ziwa linaganda. Kwenye Mto Tornio, mpakani mwa Finland na Sweden, mfanyabiashara mmoja alianza mwaka 1693 kuandika siku ambayo barafu inapasuka. Hawakujua kwamba karne nyingi baadaye wanasayansi wangetumia maandishi hayo kuona jinsi majira ya baridi yanavyozidi kufupika.

Stoo zetu nazo zina hazina yake. Nimewahi kuonyeshwa karatasi yenye mmea uliokaushwa: jani limegeuka kahawia, ua bado limeshikilia kikonyo chake, na pembeni lebo ya mkono yenye jina, mahali na tarehe. Karatasi kama hizo zikipangwa mwaka hadi mwaka, mtafiti anaona mimea inayochanua mapema kuliko zamani. Mkulima naye ataona, tena haraka, maana anaujua mmea wenyewe. Lakini droo ile hufungwa kwa ufunguo, na mkulima hajawahi kukaribishwa.

Naomba basi utoe agizo kwamba kila makumbusho ya eneo yafungue stoo yake kwa wananchi walau siku moja kwa mwezi, na awepo mtumishi mwenye daftari na kinasa sauti. Watu walete picha zao za zamani za mto au ufuko, waulizwe mwaka, waombwe ridhaa, na majina yao yawekwe pale wanapotaka. Muwaite na wataalamu wa hali ya hewa, waje na takwimu za mvua za eneo hilohilo, ili swali la pampu na mvua lijibiwe kwa ushahidi. Pengine wote wawili walikuwa sahihi.

Hili si jambo geni. Mkataba wa Paris wa 2015 kuhusu mabadiliko ya tabianchi, kifungu cha 12, unazungumzia elimu na ushiriki wa umma. Baraza la Kimataifa la Makumbusho nalo, katika tafsiri yake mpya ya neno makumbusho ya mwaka 2022, limetaja ushiriki wa jamii.

Mama yule hakuwa kijana. Naomba daftari lifike angali anakumbuka.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mgeni wa kila mwezi wa makumbusho