Risala ya Mafundi Waashi kwa Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Madhara ya Maafa, 13 Oktoba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi;
Mheshimiwa Diwani;
Mwenyekiti wa Kijiji na wajumbe wako;
Mwalimu Mkuu, walimu na wanafunzi mliotupa uwanja huu;
Wazee wetu, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana:

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tukiwa wazima. Tunakushukuru na wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli nyingi ukaja kwetu, tena kwa barabara yenye utelezi wa mvua hizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu ni cha mafundi waashi, wanaume kwa wanawake, na kilizaliwa na tetemeko. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, mkoa wetu wa Kagera ulitikiswa na tetemeko la ukubwa wa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki, mamia wakajeruhiwa, na maelfu ya nyumba yakaharibika, kuanzia Hamugembe na Kashai mjini Bukoba hadi Missenyi. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata ikabidi zifungwe kwa muda. Kila tukiwatazama watoto hawa waliokaa mbele yako, tunawaza ingekuwa Jumatatu asubuhi, madarasa yamejaa.

Usiku ule familia nyingi zililala kibanjani, chini ya migomba, zikiogopa kurudi ndani. Kulipokucha tulizunguka kukagua, na tulichokiona kilituuma kuliko hofu ya usiku. Nyumba nyingi zilizolala chini tulikuwa tumezijenga sisi wenyewe. Tofali zilikuwa nzima. Zilikuwa zimeachana tu, kwa sababu tulizipanga kwa udongo, tukaweka simenti kwenye plasta ya nje ili ukuta upendeze. Tulisimama pale na timazi zetu mfukoni, hatuna la kumwambia mwenye nyumba.

Tangu siku ile tumekuwa tukijifunza upya kazi tuliyodhani tunaijua. Mzee mmoja wa kijiji hiki ndiye aliyetuanzishia somo. Alituuliza kwa nini mushonge wa babu zake, yaani nyumba ya duara ya miti na nyasi, ulikuwa ukiyumba na kurudi mahali pake. Jibu ni kwamba ule ni mwepesi, na umefungwa wote pamoja kama kapu. Ukuta wa tofali ni mzito na kila upande unasimama kivyake. Ardhi ikisogea, ukuta wa mbele unakwenda huku, wa ubavuni unakwenda kule, kona inafunguka, na paa linakosa pa kukalia.

Dawa yake ni kuifunga nyumba. Lenta, ile boriti ya zege lenye nondo, isiishie juu ya mlango na dirisha kama tulivyozoea. Izunguke nyumba yote, na kuta za ndani pia, bila kukatika. Nondo zikifika kwenye kona zikunjwe na kuendelea upande wa pili; ukizikata pale konani, lenta ipo lakini mkanda haupo. Kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zifungwe kwa waya au vipande vya nondo vilivyozamishwa ndani ya zege, wala zisiegemee tu kwa uzito wake. Dirisha lisikaribie kona. Ile pembetatu ya tofali tunayoipandisha juu ya lenta kufuata mteremko wa paa ndiyo huwa ya kwanza kuanguka. Tunashauri sehemu hiyo ijengwe kwa mbao na bati. Na zege linywe maji siku saba. Fundi anayeondoka kesho yake bila kumwachia mwenye nyumba maagizo ya kumwagilia amemwibia, hata kama hakuchukua mfuko wa simenti.

Tunajua gharama. Lakini tumeshuhudia mara nyingi mwenye nyumba akipunguza nondo ili fedha itoshe bati la rangi. Bati linaonekana barabarani; nondo hakuna jirani atakayeiona. Hapo ndipo tunapoomba kauli yako, Mheshimiwa, kwa sababu fundi akikataa kazi ya namna hiyo, mwenye nyumba anamwita fundi mwingine jioni hiyohiyo.

Lipo pia jambo la nyufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wengi wetu baada ya tetemeko tuliziba kwa plasta na rangi. Ufa mwembamba wa plasta hauna neno. Ila ufa unaoonekana ndani na nje, au unaopanda kama ngazi kutoka kona ya dirisha, ukiuziba kwa plasta umeuficha. Ukuta huo unahitaji kubomolewa sehemu na kufungwa upya, na watu wasilale upande huo hadi hapo.

Leo asubuhi wanafunzi wamefanya zoezi uliloliona: kuinama, kuingia chini ya dawati, kushika mguu wake mpaka mtikisiko ukome, ndipo watoke kwa mstari hadi katikati ya uwanja, mbali na kuta, na kuhesabiwa. Tumewasisitiza wasirudi kufuata madaftari, kwa kuwa mitikisiko mingine hufuata. Wamelishika haraka kuliko sisi wazazi wao.

Mheshimiwa, wapo wanaotuambia lile limekwisha pita. Bonde la Ufa linapita ndani ya nchi yetu. Mwaka 1910 Rukwa ilipigwa na tetemeko la 7.4, na mwaka 2005 eneo la Ziwa Tanganyika likapata la 6.8. La kwetu lilikuwa dogo kuliko hayo yote mawili.

Tunaleta kwako maombi matatu. Kwanza, mhandisi wa halmashauri afike vijijini walau siku moja kwa mwezi kukagua lenta kabla zege halijamwagwa, kwani nyumba nyingi huku hujengwa bila mtaalamu kuzitazama. Pili, fundi mwashi mmoja awe mjumbe wa kamati ya maafa ya kijiji. Tatu, tunaomba mashine ya kukatia na kukunjia nondo, ambayo tutaiazimisha bure kwa kila anayejenga nyumba ya kuishi, awe mwanachama au la.

Nyuma ya ofisi ya kijiji tumejenga kona moja ya ukuta, lenta yake tumeiacha wazi, zege halijamwagwa, ili uone nondo zinavyopita. Tunaomba baada ya hotuba yako uongozane nasi ukaitazame, na kama utaridhia, umwage wewe ndoo ya kwanza.

Tunaomba kuwasilisha.