Nati tano si kipimo cha gurudumu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie matangazo madogo ya kuuza magurudumu ya baridi yaliyokwisha kutumika, ambayo huongezeka gazetini kila msimu wa theluji unapokaribia. Mengi huandikwa kwa mtindo mmoja: matairi manne pamoja na rimu zake, nati tano, kashata (yale meno ya tairi) bado ziko juu. Sina ugomvi na wanaouza wala wanaonunua, kwa kuwa mimi mwenyewe si mtu wa kutupa kitu kinachofaa, na rimu nzuri inaweza kuhudumia magari mawili matatu kabla ya kuchoka. Ugomvi wangu ni na hayo maneno "nati tano", ambayo karibu hayamwambii mnunuzi chochote, na nayasema haya kwa kuwa yaliwahi kuniponza.

Nilipouza gari langu la zamani nilibakiza magurudumu yake ya baridi, nikijua kwamba gari nililonunua nalo lina rimu za inchi 16 na nati tano. La zamani lilifungwa kwa bolti na jipya kwa nati, jambo ambalo lingetosha kunishtua, lakini nikaona haidhuru. Baridi ilipoingia nilipandisha gari kwenye jeki, nikavua gurudumu la kiangazi, nikachomeka lile la zamani, likaingia. Kweli halikuingia kwa ulaini, lilitaka kupigwa makofi mawili matatu ya kiganja, ila nati zote zilishika nyuzi na zikakaza, basi nikafunga mengine matatu na kunawa mikono. Nilipofikia mwendo wa kilomita 80 kwa saa usukani ulianza kutetemeka, nami nikaisingizia balansi.

Fundi niliyempelekea gari hakuisogelea hata mashine ya balansi. Alifungua gurudumu la mbele, akaligeuza, akanionyesha yale mashimo yenye umbo la faneli ambamo nati hukaa: badala ya duara zima lililong'aa kwa msuguano, kila shimo lilikuwa na alama ya hilali, upande mmoja tu. Kisha akapima. Matundu ya rimu zangu yalipangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 112, na stadi za gari langu jipya, yaani vile vyuma vyenye nyuzi vinavyochomoza kwenye habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) ili kushika nati, zimepangwa kwenye duara la milimita 114.3. Ukiigawa tofauti hiyo pande mbili, kila stadi imekosa mahali pake kwa milimita moja na ushei, kiasi ambacho uwazi uliomo ndani ya tundu unakimeza, na ndiyo maana gurudumu huingia. Lakini nati hapo haikai, inaegemea tu. Stadi inavutwa upande kila gurudumu linapozunguka, na mwisho wake ni nati kulegea au stadi kukatika gari likiwa mwendoni. Afadhali lingegoma kuingia tangu mwanzo.

Tundu kubwa la katikati nalo lilikuwa na hadithi yake. La rimu lilikuwa milimita 66.6, na kitako cha habu ya gari ni milimita 60.1, kwa hiyo gurudumu lilikuwa linaning'inia kwenye stadi peke yake bila kushikwa katikati. Kasoro hii, tofauti na ile ya kwanza, ina dawa halali, nayo ni pete ya kuziba nafasi hiyo, mradi tu mpangilio wa matundu uwe sahihi. Wapo wanaodhani pete hiyo hutibu yote mawili, haitibu. Rimu huwa pia na namba inayotanguliwa na herufi ET, inayoonyesha gurudumu litakaa ndani au nje kiasi gani: ukitoka ET 45 ukafunga ET 30 ya upana uleule, gurudumu linasogea nje milimita 15, na huenda likakwaruza fenda unapokata kona gari likiwa limepakia.

Tukija kwenye matairi yenyewe, kashata kuwa juu si ushahidi wa uzima. Raba ya tairi la baridi imetengenezwa ibaki laini joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na ulaini huo hupotea kwa umri hata kama tairi limelala stoo. Umri wake hauhitaji kubahatisha: ubavuni, mwishoni mwa namba inayoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivyo 4112 ni wiki ya 41 ya mwaka 2012. Yangu yalisomeka hivyo, na ingawa yalikuwa na kashata za milimita sita, ukucha haukuweza kuacha alama juu ya raba. Halafu kuna uzito. Saizi ilikuwa ileile ambayo gari jipya linaitaka, 205/55 R16, lakini namba ya mzigo iliyofuata ilikuwa 91, maana yake tairi moja hubeba kilo 615, ilhali kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinataka 94, yaani kilo 670. Kwa macho, matairi hayo mawili ni mapacha.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Tangazo la magurudumu lisikubaliwe katika kurasa zako bila kutaja kipenyo cha mpangilio wa matundu, tundu la kati, ET, namba ya mzigo na wiki ya kutengenezwa kwa tairi. Muuzaji hahitaji kuwa fundi, kwani sehemu kubwa ya vipimo hivi imechorwa nyuma ya rimu na ubavuni mwa tairi. Anachohitaji ni tambara la kufutia tope na tochi.

Mimi niliziuza zile rimu kwa mtu ambaye gari lake ni la 112, kwa tangazo lililosema hivi: "Rimu nne za aloi, 6.5J x 16, ET 45, matundu 5 x 112, tundu la kati 66.6, za nati au bolti za koni. Matairi yaliyomo ni ya wiki ya 41, mwaka 2012, ya kutupwa." Alikuja na karatasi yenye vipimo vya gari lake, akalinganisha mstari kwa mstari, akapakia akaondoka.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi