Huo msalaba mwekundu si pambo la kemisti

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Hapa mtaani kwetu nimehesabu kemisti nne zimechora msalaba mwekundu mlangoni, na juzi nikaona pikapu ya maziwa nayo imebandikwa, nikamuuliza dereva kulikoni, akacheka eti mzee hiyo ni stika tu, polisi wakiiona hawasumbui. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira.

Miaka ya tisini nilikuwa nafagia wodi pale Lopiding, Lokichoggio, ile hospitali ya Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliyofunguliwa 1987 kutibu majeruhi wa vita vya Sudan. Waliletwa na ndege, wengine vidonda vishaoza maana wamelala porini siku nyingi. Manesi walikuwa Wakenya wenzetu na wazungu waliotoka mbali huko, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na silaha. Getini kuna picha ya bunduki imekatwa na mstari mwekundu, ukija nayo unaiacha nje, haijalishi wewe ni kamanda wa wapi. Kinga yao ilikuwa ule msalaba kwenye paa na kwenye fulana, basi.

Halafu Desemba 1996 tukasikia ya Chechnya, jimbo la Urusi lililokuwa limetoka vitani. Alfajiri ya tarehe 17, kijiji cha Novye Atagi, watu waliofunika nyuso wakaingia kwenye nyumba za wafanyakazi wa hospitali ya Kamati hiyo hiyo ya Msalaba Mwekundu, bunduki zimefungwa vizuia sauti, wakaua sita. Manesi walikuwa wanne: Fernanda Calado wa Hispania, Ingeborg Foss na Gunnhild Myklebust wa Norway, Sheryl Thayer wa New Zealand. Wakauawa pia Nancy Malloy wa Kanada, aliyekuwa kwenye utawala, na fundi ujenzi Mholanzi, Hans Elkerbout. Hospitali yenyewe ilikuwa na miezi mitatu na ushee tu tangu ifunguliwe.

Nesi mwingine wa New Zealand, Louisa Akavi, alikuwepo usiku ule akapona. Mimi ningerudi kwetu nikauze mboga. Yeye akaendelea kwenda kuuguza watu penye vita, mpaka Oktoba 2013 akatekwa Syria pamoja na madereva wawili wa huko huko, na jina lake likafichwa kwa usalama wake hadi Aprili 2019.

Sasa mtu aniambie stika tu. Alama hiyo inalindwa na Mikataba ya Geneva, kemisti haina ruhusa nayo, na sababu ni nyepesi: askari akizoea kuiona kwenye pikapu za maziwa na vibanda vya panadol, siku ambulensi ya kweli inapita kwenye kizuizi ataiheshimu kwa lipi?

Yule wa kemisti ya kona nimemwambia nitamnunulia rangi ya kijani kwa hela yangu apake upya. Bado hajanijibu.

Mfagiaji mstaafu,
Nakuru