Jaketi la Mbuguni na la Nkoaranga

Pasua, Moshi

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Masika yameaga, sasa ni lile wingu letu la Juni linalofunika kila kitu, mlima tunausikia tu kwa jina. Hongera kwa kuhamishiwa Arumeru, na hongera zaidi kwa pikipiki ya ofisi. Afisa ugani asiye na usafiri huku ni mtu wa kuandika ripoti za mashamba asiyoyafikia.

Sasa hilo la jaketi. Unasema kaka yako kakushauri ununue moja zito kabisa kwa kuwa "Arusha ni baridi". Maneno hayo ni ya watu wanaoshuka stendi mwezi wa saba, wanatetemeka siku mbili, wanarudi Tanga kusimulia. Wewe hutakaa stendi. Kuna siku asubuhi utakuwa Nkoaranga kwenye migomba na kahawa, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaja, na mchana uko Mbuguni kwenye vumbi na jua lisilo na huruma. Kwa kawaida hali ya hewa hupoa kama nyuzijoto 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na wilaya yako inaanzia tambarare na kuishia kwenye Mlima Meru. Mimi naishi hivyohivyo, Kahe chini na Kibosho juu. Jaketi zito la kaka yako utalivua ukifika Usa River na kulifunga nyuma kwenye keria, na hapo ndipo utaendesha na fulana tupu. Jaketi lililofungwa kwenye keria halijawahi kumkinga mtu na lami.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: nunua jaketi la kuvaa wakati wa joto lenye kinga (vile vipande vya ndani vinavyokinga mabega na viwiko ukianguka), kisha baridi uitibu kwa kuvaa kitu juu yake. Watu wengi hufanya kinyume chake.

Sababu yenyewe ni upepo. Kukiwa na nyuzijoto 10 na wewe unakwenda kilomita 60 kwa saa, mwili unahisi kama nyuzijoto 5. Ukisimama, unaona mbona si baridi sana. Kinachokuumiza barabarani si ukosefu wa manyoya, ni hewa inayopenya kifuani, shingoni na kwenye mikono ya jaketi. Ukiuziba upepo, sweta moja la kawaida linatosha mpaka milimani. Usipouziba, hata sweta tatu zitakuwa chandarua tu. Ndiyo maana wazee wa pikipiki walikuwa wanaweka gazeti kifuani, na mpaka leo ukikamatwa na baridi njiani gazeti linasaidia kweli.

Utaona vijana wa bodaboda hapa na Arusha wanavaa jaketi kinyume, zipu mgongoni, ili upepo usipenye kifuani. Kwa upepo wana akili kabisa, siwacheki. Lakini jaketi lenye kinga usilivae hivyo. Kinga ya kiwiko inahamia upande wa ndani wa mkono, pale unapokunjia, na mfupa wenyewe unabaki na kitambaa kitupu. Na ukianguka, anayekuja kukusaidia hajui aanze kukufungulia wapi.

Jaketi la wakati wa joto ninalolisema ni lile la neti: kifua, mgongo na sehemu ya mikono ni kitambaa cha matundu matundu, ila mabegani na viwikoni kuna kitambaa kigumu na kinga ndani. Hewa inapita, jasho linakauka, unapoa. Ngozi ya mwili huwa karibu nyuzijoto 34, na huku kwetu hata Februari joto halipandi sana juu ya hapo, kwa hiyo upepo unaopita kwenye neti bado unapoza. (Jangwani kwenye nyuzijoto 42 habari ni nyingine, huko upepo wenyewe unachoma na inabidi ujifunike zaidi.) Mbuguni ikikuzidi, lowesha fulana ya ndani kabla ya kuondoka. Ikikauka, lowesha tena. Na usidhani kuendesha na fulana tupu ndiyo kupoa. Jua linakupiga moja kwa moja na jasho linakauka haraka mno hata hujui kwamba maji yamekuisha mwilini.

Rangi usichukue nyeusi. Najua wewe na nyeusi, ila ukisimama dakika tano pale njia panda ya Tengeru mwezi wa pili utanikumbuka. Kijivu kinavumilia vumbi pia.

Ngozi je? Kwa kusuguana na lami, ngozi halisi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.2 hivi haina mpinzani, na anayekwambia vinginevyo anauza kitambaa. Lakini haipitishi hewa, na ikilowa inakuwa nzito, kisha ukiianika juani inakakamaa na kupasuka. Kwa kazi yako, hapana. Zaidi ya hapo, jaketi nyingi za ngozi kwenye mitumba ni za mitindo, ngozi laini nyembamba ya kwendea harusini. Vuta mshono wa bega kwa nguvu mbele ya muuzaji. Akikasirika, umeshapata jibu.

Yale majaketi ya kuvimba, ya vifungu vifungu kama godoro, ndiyo yamejaa soko la Kilombero pale Arusha kuanzia mwezi wa tano. Yana joto, ni mepesi, na kwa kukaa kibarazani jioni ni mazuri mno. Kwa pikipiki sitaki kuyasikia. Nailoni ile nyembamba ikiburuzwa kwenye lami inayeyuka, na kuna inayogandia kwenye ngozi yako mwenyewe.

Kwenye mitumba tafuta lebo ya ndani. Jaketi za Ulaya za miaka ya karibuni zina alama EN 17092, kiwango cha Ulaya cha nguo za pikipiki cha mwaka 2020, na herufi pembeni: AAA ndiyo imara kuliko zote, halafu AA, halafu A. Nyingi za neti ni A, nazo zinafaa kwa mwendo wako. Ukibahatisha AA usibishane sana bei. B ni nguo isiyo na kinga za kugongwa, C ni ya kushikilia kinga tu, haizuii mchubuko. Za zamani hazina alama hiyo, hizo zipime kwa mkono: mshono uwe mara mbili au tatu, kitambaa cha kiwikoni kiwe kigumu.

Halafu toa kinga zenyewe kwenye mifuko yake uzitazame. Mara nyingi mifuko iko na kinga hazipo, au pana kipande cha sponji ambacho mtu kakikata kwenye godoro. Kinga halali imeandikwa EN 1621-1 na namba 1 au 2. Ya 1 inaruhusu nguvu ya pigo ya wastani wa kilonyutoni 35 kupita mpaka mwilini kwenye kipimo chao, ya 2 ni 20, kwa hiyo ya 2 inakinga zaidi. Utaona pia herufi S ya bega na E ya kiwiko. Ikiwa imekakamaa au inamung'unyika vidoleni, itupe, hata kama jaketi ni jipya kama limetoka jana. Kinga hununuliwa peke yake pia, usikatae jaketi zuri kwa sababu hiyo tu.

Sasa la juu. Wengi watakuuzia jaketi lenye bitana ya kuzuia maji ndani yake, wakisema ndiyo kila kitu. Bitana inafanya kazi, sikatai. Ila mvua ikikupata King'ori inabidi usimame, uvue jaketi, uifunge bitana kwa zipu huku unalowa. Na hata ukishaifunga, kitambaa cha nje kinakunywa maji, kinakuwa kizito, na yale maji yakianza kukauka kwa upepo yanakupoza tena. Koti la mvua pana, linalovaliwa juu ya jaketi, linazuia maji na upepo kwa pamoja, linakunjwa linaingia kwenye begi, na unalivaa bila kuvua chochote. Nkoaranga livae hata kama hakuna mvua. Juu yake kizibao cha reflekta, maana kwenye ule ukungu magari ya ndizi hayakuoni.

Glavu usizisahau. Mkono wa glavu uingie ndani ya mkono wa koti wakati wa mvua, ama sivyo maji yatatiririka mpaka vidoleni.

Na mtandio wako, shoga. Shingoni unafaa kuliko skafu yoyote, lakini ncha zote mbili ziingie ndani ya jaketi kabla hujawasha. Khanga pia, usijifunge kiunoni ikapepea karibu na mnyororo na tairi la nyuma. Nakujua unavyopenda kujifunga.

Usinunue chochote huko. Jaketi la neti Tanga utalipata kwa bei ya mgeni, na mimi Jumamosi hii napita soko la mitumba la Memorial hapa Moshi kwa mambo yangu, nitachambua mabelo. Nitumie kipimo cha kifua ukiwa umevaa fulana moja tu, na cha mkono kuanzia bega mpaka kifundo, ukiwa umekunja kiwiko kama uliyeshika usukani. Mkono ukipimwa umenyooka, jaketi litapanda ukikaa kwenye pikipiki na kinga ya kiwiko itaishia juu ya kiwiko. Ukipenda, niambie pia kama unataka lililokazwa kiunoni, maana ya kike yapo machache na yanaondoka mapema.

Wasalimie nyumbani wote, na mama mwambie dawa yake ya kifua nimeipata.

Ni mimi shoga yako wa Pasua.