Tumbo na homoni: tusiwape wagonjwa nusu ya ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme machache kuhusu makala iliyochapishwa katika ukurasa wa afya wa gazeti lako, iliyodai kwamba karibu kila tatizo la homoni, kuanzia hedhi isiyotabirika hadi uchovu na unene, chanzo chake ni tumbo chafu, na kwamba mtu akilisafisha tumbo hilo homoni zitakaa sawa zenyewe. Mimi ni mwalimu wa biolojia, na huenda ningeipita makala hiyo kimya kama mdogo wangu wa kike asingepoteza miezi minane ya maisha yake kwa kuamini maneno ya namna hiyohiyo.

Nianze na lililo kweli, kwa sababu ni kubwa kuliko mwandishi alivyolionyesha. Kitu cha kwanza kupewa jina la homoni kilipatikana kwenye utumbo. Mwaka 1902, jijini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva zote zinazofika kwenye kipande cha utumbo mwembamba wa mnyama, kisha wakatia asidi ndani ya kipande hicho, na kongosho likaendelea kumwaga maji yake ya kumeng'enyea chakula kama kawaida. Ikadhihirika kwamba habari haikupita kwenye neva bali kwenye damu. Kitu hicho wakakiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanza kulitumia neno homoni, lililotokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea au kuamsha. Ndiyo maana napenda sana neno letu vichocheo, kwa kuwa linasema jambo lilelile bila kuhitaji tafsiri. Kwa hiyo anayesema kwamba utumbo unahusika na homoni hasemi jambo geni hata kidogo. Utumbo wenyewe ni kiungo kinachotengeneza homoni, tena nyingi.

Mfuko wa tumbo ukiwa mtupu hutoa grelini, homoni iliyogunduliwa na watafiti wa Japani mwaka 1999, ambayo huupasha ubongo habari ya njaa. Chakula kikishuka utumboni, seli zilizotawanyika katika ukuta wake hutoa homoni nyingine iitwayo GLP-1, ambayo hulihimiza kongosho kutoa insulini pale sukari inapopanda, hupunguza kasi ya mfuko wa tumbo kujimwaga, na huleta shibe. Homoni hiyo huvunjwa ndani ya dakika chache baada ya kuingia kwenye damu, na dawa za kisukari na unene zinazozungumzwa sana siku hizi, kama semaglutidi, zilitengenezwa ili kuiga kazi yake huku zikidumu mwilini kwa siku nyingi. Nao bakteria wa utumbo mpana, ambao hukadiriwa kufikia trilioni 38 kwa mtu mzima, hula nyuzinyuzi tusizoweza kuzimeng'enya sisi, wakazigeuza kuwa asidi ndogondogo za mafuta. Mojawapo, butireti, ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotanda utumbo mpana, na asidi hizo huweza pia kuziamsha seli zinazotoa GLP-1.

Habari ya tumbo kuhusika na estrojeni, homoni kuu ya kike, nayo ina ukweli wake. Ini huifunga estrojeni iliyokwisha kufanya kazi na kuimwaga utumboni pamoja na nyongo, ili itoke na choo. Lakini wapo bakteria wenye kimeng'enya kinachokifungua kifungo hicho, na sehemu ya estrojeni ikafyonzwa na kurudi kwenye damu. Ni jambo la kustaajabisha, nami hulifundisha kwa furaha. Hata hivyo kujua kwamba njia ipo si sawa na kujua namna ya kuitengeneza. Hakuna unga wala chai iliyothibitishwa kuwaelekeza bakteria hao waipandishe au waishushe estrojeni ya mgonjwa kwa kiasi anachokihitaji, na anayeuza kitu kwa ahadi hiyo anauza asichokuwa nacho.

Liko jambo moja katika makala lililonisikitisha zaidi, nalo ni madai kwamba kwa kuwa asilimia 90 au zaidi ya serotonini, kemikali inayohusishwa na hali ya moyo wa mtu, hutengenezwa tumboni, basi huzuni na sonona hutibiwa kwa kusafisha tumbo. Hesabu hiyo ni sahihi, ila hitimisho si sahihi. Serotonini ya utumbo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake kubwa iko palepale utumboni, katika kuusukuma na kuutuliza, na nyingine huchukuliwa na chembe sahani za damu. Ubongo hujitengenezea serotonini yake wenyewe. Tumbo huwasiliana na ubongo, hilo halina ubishi, kwa kuwa nyuzi nyingi za neva ya vagasi, inayounganisha ubongo na tumbo, hupandisha habari kutoka chini kwenda juu kuliko zinazoteremsha. Lakini mtu mwenye sonona aliyeacha dawa zake ili anywe chai ya kusafisha tumbo amewekwa kwenye hatari, na sijaona neno hata moja la kumwonya.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, maana yaliyompata ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Alianza kupata choo kigumu, mara moja kwa siku nne au tano. Akawa mchovu, anasikia baridi wenzake wanapotoka jasho, nywele zinakatika, hedhi imekuwa nzito, na mwili unanenepa ingawa alikuwa anakula kidogo. Muuzaji mmoja akamweleza kwa ufasaha kwamba tumbo lake limejaa sumu, sumu hiyo imevuruga homoni, na akamuuzia unga wa kopo ambao, nilipousoma baadaye, niliona kiambato chake kikuu ni sanamaki. Sanamaki ni dawa inayomfanya mtu aharishe, na ni dawa halali ikitumika kwa siku chache kwa sababu inayojulikana. Yeye aliinywa kwa miezi. Kila alipoharisha alijiona amepona, na baada ya siku mbili hali ilirudi, naye akaongeza kipimo. Akaanza kupata kizunguzungu na udhaifu wa misuli, kwa kuwa kuharisha kwa muda mrefu hupoteza maji na madini ya potasiamu, ambayo misuli na moyo huyategemea. Muuzaji akamwambia kwamba hiyo ni dalili ya sumu kutoka.

Daktari aliyemwona mwishoni alimpapasa shingo, akamwuliza kuhusu baridi na nywele, akaagiza kipimo cha damu. Tezi yake ya thairoidi ilikuwa imepungukiwa nguvu. Homoni ya tezi hiyo inapopungua, shughuli nyingi za mwili hupungua kasi, na utumbo nao husukuma polepole. Choo kigumu kilikuwa moshi, moto ulikuwa shingoni. Makala yako haikugusa kabisa upande huu wa pili, kwamba homoni nazo huliendesha tumbo. Thairoidi ikizidi, mtu huenda haja mara kwa mara. Projesteroni inapopanda wakati wa ujauzito, wajawazito wengi hupata uyabisi wa tumbo, na wanawake wengi huona choo kikilegea siku za mwanzo za hedhi kwa sababu ya kemikali zinazobana mji wa mimba na kuugusa utumbo pia. Mtu akiambiwa kwamba kila mara tumbo ndilo chanzo, hataipeleka shingo yake kwa daktari.

Na bado tumbo lina nafasi yake katika matibabu ya mdogo wangu, nafasi halisi isiyohitaji kutiwa chumvi. Kidonge chake cha levothairoksini, kinachojazia homoni ya thairoidi iliyopungua, hufyonzwa katika utumbo mwembamba, hivyo hukinywa alfajiri kwa maji matupu na kusubiri kati ya nusu saa na saa nzima kabla ya kula. Vidonge vya madini ya chuma au kalsiamu huviacha hadi yapite masaa manne tangu anywe kidonge hicho. Maambukizi ya bakteria wa vidonda vya tumbo, au ugonjwa unaoharibu ukuta wa utumbo, huweza kuizuia dawa hiyo isifyonzwe vya kutosha, na daktari asipoliangalia tumbo ataendelea kuongeza dozi bila mafanikio.

Kuhusu kulitunza tumbo la mtu wa kawaida, ushauri unaoaminika si wa kusisimua. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2023 kwamba mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe, pamoja na gramu 400 za mboga na matunda. Mtu aongeze kidogokidogo huku akinywa maji, kwa kuwa ukiongeza ghafla tumbo hujaa gesi, na wengi hukata tamaa hapo. Antibiotiki zisitumiwe bila kuandikiwa, kwa sababu huua pia bakteria tusiokusudia kuwaua. Damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, kuharisha kunakomwamsha mtu usiku, au mabadiliko ya choo yanayoendelea kwa wiki kadhaa, hayo yote ni ya kupelekwa hospitali, na si ya kusafishwa nyumbani.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni mawili. Makala ya afya inapotaja bidhaa na namba ya simu ya kuiagizia, kama ilivyofanya hii, iwekewe neno TANGAZO juu yake kwa herufi zinazosomeka. Na katika toleo lijalo, mpe daktari wa homoni nafasi ileile, katika ukurasa uleule, awaeleze wasomaji ni dalili zipi zinazohitaji kipimo cha damu kabla hawajanunua kopo lolote.

Wako,
Mwalimu wa biolojia na msomaji wa gazeti lako